Mkate wa Nyama Usioliwa

Siku ya tatu ya msiba wa mama mkwe wangu, wanawake waliokaa mikekani uani kwetu Bombambili walikuwa wameshanichoka. Niliwaona walivyonitazama, kwanza machoni, kisha mikononi kama nimeshika leso, kisha wakatazamana wao kwa wao. Mtu niliyekuwa nikimwogesha, nikimlisha uji kwa kijiko na kumgeuza ubavu huu na ubavu huu alikuwa ameshazikwa, na mimi sikuwa nimetoa chozi. Wifi yangu Mwanaisha, ambaye hulia vizuri na kwa sauti, alinisogelea akaninong'oneza, "Wifi, hata moja tu? La kuwaonyesha watu?" Nikamwambia sina. Hakukasirika. Alinifinya paja kidogo, akarudi kwenye mkeka wake na kuendelea kulia pale alipokuwa ameachia.

Ningekuwa nalo ningelitoa, maana nilimpenda Bi Zainabu kuliko watu wengi niliozaliwa nao. Lakini nilikaa pale nikiwaza kama sukari ya chai itatosha, na kama turubai litahimili upepo, na nilipojaribu kumwaza yeye nilifika mahali pakavu nikarudi. Hali hiyo naijua. Nimewahi kuishi nayo mwaka mzima nikiwa msichana, na mwaka huohuo ndio ulionipa mama mkwe huyu. Pengine nisingeukumbuka siku hiyo, ila vijana waliokaa upande wa pili wa turubai walikuwa wakizungumza habari ya mayai. Mwezi uliopita mjukuu wangu Rehema aliposwa, na kama ilivyo desturi ya ukoo wetu, wageni wa posa hawakupewa nyama. Walipewa mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, wakamenya wenyewe, wakala na chumvi. Sasa Hamisi, mtoto wa Mwanaisha, alikuwa akiwaeleza wenzake maana yake. "Yai halina mlango," alisema, na simu yake mkononi. "Ndiyo maana yake. Ndoa isiwe na mlango wa kutokea. Hiyo mila ya Wayao, toka enzi za mababu, kabla hata Mjerumani hajafika." Wenzake wakatikisa vichwa. Nikanywa chai yangu. Mila hiyo ilizaliwa Msamala, jikoni kwa shangazi yangu, mchana mmoja wa mwezi wa saba, kwa sababu ya mkate wa nyama, na nilivyojua mimi walioijua asili yake walikuwa watu wawili. Mmoja tulikuwa tumemzika juzi.

Mwaka ninaousema ulianza kwa mvua nyingi na kifo cha mama yangu, mwezi wa pili, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Habari za ugonjwa wake siziweki hapa. Baada ya maziko, Shangazi Gaudensia alinichukua kwake Msamala akanipa chumba cha uani ambacho nusu yake ilikuwa magunia ya mahindi na nusu nyingine kitanda. Nilikipenda chumba kile kwa vile hakikunidai chochote. Kilinuka pumba na dawa ya wadudu, dirisha lake lilikuwa dogo, na kipupwe kilipoingia, asubuhi ambazo Songea nzima hutoa moshi mdomoni, nililala na gunia tupu juu ya blanketi na sikuona tofauti. Nilikula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yangu. Ugali, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, vyote vilikuwa na ladha moja, ladha ya maji ya moto. Majirani walikuja kunitazama wakasema nimejikaza, binti jasiri huyu, mama yake angefurahi. Sikuwa jasiri. Mguu ukikaliwa muda mrefu haulalamiki, na hakuna anayeusifu kwa uvumilivu wake.

Shangazi alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mikubwa. Alipika katika nyumba ya wageni ya masista, na huko alikuwa amejifunza kwa sista mmoja Mjerumani, aliyekwisha kurudi kwao, kupika mkate wa nyama. Alikuwa na fahari nao kama wengine walivyo na fahari na nyumba ya bati. Aliupika Krismasi, aliupika Pasaka, aliupika padri akija kubariki nyumba, na mtu akiuliza umepikwaje alisema, "We kula tu." Mimi alinifundisha mwaka ule, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine na msichana aliyekaa kimya. Nyama isagwe mara mbili. Mkate wa jana uloweke kwenye maziwa, uukamue, uuchanganye na nyama, vitunguu vilivyokaangwa, karoti iliyokunwa, chumvi, pilipili manga nyingi, na mayai mabichi ya kushikisha. Halafu unaipanga nusu ya nyama kwenye kopo refu, unalaza juu yake mayai ya kuchemsha yaliyomenywa, yamefuatana kama watoto kitanda kimoja, unafunika kwa nusu iliyobaki. Kopo linaingia kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ukiukata, kila kipande kina jicho la njano katikati. Nilijifunza yote hayo vizuri kabisa. Mikono ilifanya kazi na mimi nilikuwa mahali pengine, sijui wapi.

Sefu nilimpata kwa sababu ya redio ya Shangazi. Ilikuwa imekufa sauti, nikaambiwa niipeleke Bombambili kwa fundi mmoja kijana wa Tunduru. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akanipa kigoda nisubiri. Hakuniambia pole, hakuniuliza nilikuwaje, hakunisifu kwa kujikaza. Alifanya kazi yake, na redio ilipopata sauti akaizima tena akasema, "Kama hutaki kelele, ikae tu hapa, utaifuata kesho." Nikaifuata kesho, na kesho yake nyingine nikapeleka tochi nzima nikidai ni mbovu. Sikujua kama huko ndiko kupenda. Nilijua tu kwamba kwenye kile kibanda chake hakuna aliyekuwa akisubiri nilie. Mwezi wa sita akasema ataleta wazee wake wanipose, nikasema sawa, kama mtu aliyeulizwa kama anataka chai.

Nyumbani, jambo hilo lilikuwa zito kuliko nilivyolichukulia mimi. Ukuta wa chumba changu ulipakana na sebule, na jioni moja niliwasikia Shangazi na Baba mdogo Alfonsi, ambaye, kwa kuwa baba yangu hakuwepo, ndiye angepokea posa. "Mwislamu," Baba mdogo alisema. "Tena wa Tunduru. Dada, vijana wa Songea wameisha?" Shangazi akamjibu kwamba vijana wa Songea anawajua mpaka mama zao, ndiyo maana. "Huyo binti hajacheka toka mazishi," alisema. "Kwa huyo fundi anatoka na uso wa mtu. Sasa wewe unataka nini, dini au mtoto?"  Ndipo Baba mdogo akasema maneno ambayo niliyashika: "Waje. Nitawapokea. Lakini wakigusa heshima yangu hata kidogo, wakikunja pua kwa chakula chetu, basi. Asiyekula kwetu haoi kwetu." Hilo halikuwa neno lake peke yake. Kwetu, mgeni wa posa asipogusa chakula amemkataa binti, haina haja ya kusema. Kwa hiyo yote yakawa juu ya sahani.

Nilidhani Shangazi atapika pilau. Akaniona mjinga. "Watu wa Tunduru wamezaliwa na pilau. Tukiwapikia pilau watatupima, na tutapungua. Tuwapikie kitu ambacho hawana kipimo chake." Ukawa mkate wa nyama. Na katika uangalifu Shangazi hakuwa na mfano. Kwenye bucha alimuuliza muuzaji ng'ombe kachinjwa na nani, akaambiwa kachinja Mwislamu kama siku zote, akauliza tena kana kwamba yule bwana angebadili jibu. Aliazima kwa jirani sufuria mpya ambayo haijawahi kupikiwa chochote. Dumu la pombe ya ulanzi lilihamishiwa nyumba ya pili, na Baba mdogo akaagizwa asilifuate huko. Kitu kimoja tu hakikumjia akilini, kwa sababu alikuwa amekizoea mno: mashine ya kusagia nyama, ile ya chuma yenye mkono, inayofungwa ukingoni mwa meza. Aliiazima jikoni kwa masista, kama alivyofanya kila Krismasi.

Jumapili ile tulirudi misa ya kwanza tukaingia jikoni. Niliimwagia mashine maji ya moto, nikaifunga mezani, nikasaga. Mkate uliingia motoni. Ndipo nikaifungua ile mashine kuiosha kabisa kabla ya kuirudisha, na nyuma ya kisu, ndani ya mifereji ya skrubu, nikakuta mafuta meupe, laini, yaliyoganda. Mafuta ya ng'ombe ni ya manjano na hukauka kama mshumaa. Haya yalikuwa mengine. "Shangazi," nikasema, "wiki hii masista walisaga nini?" Alikuwa anatandaza kitambaa cha meza. Akakiachia. Nadhani ni mara ya pekee nilimwona anatafuta neno.

"Soseji," akasema.

"Za nguruwe?"

"Soseji zingekuwa za nini, za samaki? Si umeiosha lakini?"

"Kwa nje. Sikuifungua."

Alitazama sufuria, akatazama jua. Nyama nyingine hapakuwa nayo, wala muda. Alinikamata mabega kwa ile mikono yake. "Sikiliza, Skola. Funga mdomo. Alfonsi akilisikia hili, huna mume. Wageni wakilisikia, huna mume. Mungu ameshasikia, yeye hana neno. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Nilielewa kweli. Niliona mambo yote mawili yamekaa mbele yangu, kumpoteza Sefu au kuanza nyumba yake kwa kuwalisha wazee wake nguruwe, na yote mawili nilikuwa nayaona kwa mbali, kama mtu anayetazama moto wa shamba ng'ambo ya bonde. Watu wakinisimulia leo habari za ujasiri huwa nakumbuka umbali huo.

Wageni walifika mchana, wanne. Aliyeongoza ni Mzee Bakari, mjomba wa Sefu, kwa maana kwa Wayao mjomba ndiye mwenye neno. Nyuma yake wanaume wawili wa ukoo, na nyuma yao, bila kutarajiwa, mama mzazi wa Sefu. Kwa kawaida mama haendi kwenye posa. Huyu alikuja, na nilimsikia dirishani akiwaambia wenyeji bila aibu kwamba wanaume waliletwa kuona ukoo, yeye amekuja kuona jiko. Baba mdogo akacheka kicheko cha heshima, kisichofika mbali. Haukupita muda nikasikia hodi kwenye mlango wa jikoni. Shangazi alikuwa sebuleni akigawa maji ya kunawa, na mimi nilikuwa nimeshika kisu, nimeukata mkate vipande na kuupanga kwenye sinia.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye vumbi la safari kwenye vifundo vya miguu. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Skola? Mbona umekonda? Sefu kasema mnene."

"Nilikuwa mnene, mama."

Akanitazama kidogo, kisha akainama juu ya sinia. "Maashallah. Na yai limeingiaje humo?" Nikamwambia linalazwa katikati kabla ya kuoka. Nikamwambia nyama ni ya ng'ombe, ya bucha, kachinja Mwislamu, kama nilivyofundishwa kusema. "Najua, mwanangu, sikuuliza hilo," akasema, na alisema kwa upole, kama mtu anayeona haya kwamba nimedhani atauliza. "Nauliza imelainikaje hivi. Mmeitwanga kwenye kinu?"

Hapo neno moja lilitosha. Ndiyo, mama, tumeitwanga. Lakini uongo unataka nguvu. Unautunga, unaubeba, unakumbuka ulikouweka, na mwaka ule sikuwa na nguvu hata za kuchana nywele. "Hatukuitwanga," nikasema. "Tumeisaga kwa mashine ya masista. Masista wanasagia soseji za nguruwe. Niliiosha nje, sikuifungua, mafuta yalikuwa bado ndani. Nimeyaona mkate ukiwa tayari motoni. Shangazi kasema nisiseme." Niliyasema yote hayo kwa sauti ya mtu anayearifu kwamba chumvi imekwisha.

"Astaghfirullah," akasema taratibu. Hakuruka, hakushika kifua. Alivuta kigoda akakaa. "Shangazi kasema usiseme. Sasa mbona umesema?"

"Umeniuliza, mama."

Akanitazama usoni. "Na mama yako yuko wapi?"

"Amefariki. Mwezi wa pili."

"Umemlilia?"

"Bado."

Hakusema maskini, hakusema jikaze. Alisema, "Machozi hayaozi, mwanangu. Yatakuja siku yake." Kutoka sebuleni Baba mdogo alikuwa anapaza sauti kwamba wageni wana njaa, chakula kiko wapi. Bi Zainabu akainua kichwa. "Huyo ndiye asiyetaka?" akauliza. Nikasema ndiye. "Anangoja tukatae?" Nikasema nadhani. Akatazama kuzunguka jiko, makaa, kuni, magunia, hadi macho yake yakafika kwenye kikapu kilichoning'inia darini. "Yale mayai?" Ya kuku wetu, nikasema. "Yachemshe yote. Usimenye hata moja, yaje na maganda yake. Na huo mkate wako ufunike." Akajikung'uta kanga, akatoka.

Nilibandika sufuria nikasimama dirishani. Nilimsikia akikaa, akisema na kaka yake kwa sauti ya kila siku. "Kaka, umewaeleza wenyeji ile mila yetu?"  Mzee Bakari akakohoa. "Eleza wewe, dada," akasema. Naye akaeleza. Kwao, alisema, siku ya posa hawali nyama nyumbani kwa binti, nyama ni ya siku ya ndoa. Siku ya posa wanakula yai lililo kwenye ganda lake, kila mtu anamenya mwenyewe, anatia chumvi. Wakila yai, wamekubali, na kama hawataki, yai hawaligusi. "Sijapata kuisikia hiyo," Baba mdogo alisema, na nilisikia katika sauti yake kwamba alikuwa anatafuta pa kukasirikia na hapaoni. "Ndiyo hivyo, ndugu yangu," Mzee Bakari akamwambia. "Mayai." Na wale wanaume wawili wakaitikia, "Mayai," kama wanaitikia dua.

Shangazi aliingia jikoni mbio, uso unang'aa. "Umesikia, Skola? Kumbe wana mila yao! Mungu ni mkubwa!" Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia. Kikapu hakikutosha, akakimbilia kwa kuku aliyekuwa analalia, akayainua mayai yale moja moja kwenye jua kuona lipi lina kifaranga. Yalikwenda sebuleni kwenye bakuli la bluu, na chumvi kwenye kisahani. Kwa muda mrefu hapakusikika neno, maganda tu yakivunjika juu ya meza. Baba mdogo naye alimenya lake kwa adabu, akala, akachukua la pili. Nilichungulia. Bi Zainabu alikuwa ameinua yai lake jeupe kabisa, na kabla ya kulitia mdomoni alitazama upande wa mlango wa jikoni. Kisha akala. Baadaye, wageni walipokwisha kuondoka, Baba mdogo alikaa akijichokoa meno akasema kwamba watu wanaoshika mila zao ni watu wa kuaminika, na hakurudia tena habari ya Tunduru.

Mkate wa nyama ulibaki mezani umefunikwa. Shangazi aliugawa kwa majirani, na jioni ile akaniwekea kipande kwenye sahani kama alivyoweka kila siku. Nilitafuna. Pilipili manga ikaniuma ulimi. Nikaacha kutafuna, nikaisikiliza, nikala tena. Haikuwa furaha, nisidanganye, ilikuwa pilipili manga tu, lakini toka mwezi wa pili hakuna kitu kilichokuwa kimeniuma.

Tulifunga ndoa bomani kabla mwaka haujaisha, Sefu akabaki na msala wake, mimi na rozari yangu. Kitu cha kwanza nilichomwomba aninunulie kilikuwa mashine ya kusagia nyama, mpya, ndani ya boksi, na mpaka leo haijapitishwa kitu kisichofaa. Nimepika mkate wa nyama kila Idi na kila Krismasi. Bi Zainabu aliula tangu wa kwanza, bila kuuliza una nini, na hakuwahi kuuliza juu ya chungu changu chochote. "Huyu ukimuuliza atakuambia," aliwaambia watu, "sasa nimuulize ya nini?" Siku ile ya Msamala hatukuitaja hata mara moja. Mwanaisha alipoposwa miaka mingi baadaye, Shangazi Gaudensia alishuka kwenye baiskeli ya kukodi na trei la mayai, kuheshimu mila ya wakwe zake. Bi Zainabu alilipokea kwa mikono miwili na uso mkavu, akamshukuru, akanipa mimi nikachemshe. Hivyo ndivyo ilivyoendelea, kutoka binti hadi binti, ikapata na maana zake za mlango na za ukoo. Bi Zainabu alipoanza kuugua, na meno yalipokwisha, mkate wa nyama ndio uliokuwa laini ya kutosha. Nilimpondea kipande cha mwisho kwa uma, na jicho lake la njano ndani, wiki chache kabla hajafa. Alisema pilipili manga imepungua. Nikaiongeza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani, yametulia tu, wakati gari la Tunduru liliposimama nje siku ile ya tatu na kumshusha Mzee Bakari. Wale wanaume wawili wa siku ya posa walishatangulia mbele ya haki. Yeye amebaki, mfupi kuliko zamani, fimbo mkononi, na barabara na uzee vilimchelewesha maziko ya dada yake. Ikasomwa dua, akapewa kiti kivulini karibu na mlango wa jiko. Nikampelekea pilau. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Hii rudisha. Meno sina. Nichemshie mayai."

Nikachemsha. Nikayaleta na kisahani cha chumvi, nikakaa kwenye kigoda miguuni pake kummenyea. Vijana bado walikuwa wanazungumza, na Mzee Bakari aliwasikiliza kidogo, kichwa upande. "Wanasemaje, toka enzi za mababu?" akaniuliza.

"Ndivyo wanavyosema, mjomba."

"Dada yangu," akasema, "maisha yake yote nimemsikia akisema uongo mmoja tu." Nikaendelea kumenya. "Kule kwenu Msamala. Eti kwetu siku ya posa hatuli nyama. Mimi ndiye mjomba, mila zote ninazo mimi. Hiyo niliisikia siku ile, pamoja na nyinyi."

Mikono yangu ikasimama. "Ulijua?"

"Tulijua wote watatu. Tulirudi Bombambili na njaa, nusura tumle Sefu." Akacheka bila sauti, mabega tu.

"Na hamkumuuliza?"

"Tumuulize nini? Zainabu haongopi. Akiongopa mbele za watu, basi kuna mtu anamsitiri. Ukiona mtu anasitiriwa huulizi ni nani. Unakula yai, unamshukuru Mungu, unakwenda."

Miaka yote nilidhani ni mwanamke mmoja aliyenifunika kwa kanga yake. Kumbe walikuwa wanne, wamesafiri kutoka Tunduru, hawanijui, na walishika pembe zote nne, watatu wao bila hata kujua chini yake kuna nani. "Mjomba," nikaanza, "siku ile, mashine—"

"Usiniambie," akasema. "Nimekaa bila kujua mpaka nimezeeka, na nimekaa vizuri."

Mguu uliokufa ganzi haupati uhai kwa raha. Unauma, unachoma, unatamani ungebaki vilevile. Kilio kilianza shingoni kikashuka kifuani, na sauti iliyotoka kwangu sikuijua, Mwanaisha mwenyewe akaacha kulia akageuka kunitazama. Sijui nilikuwa namlilia mama yupi. Nadhani wote wawili, kwa mkupuo, na msichana wa chumba cha magunia pia. Hakuna aliyenigusa, na nilishukuru. Nilipoweza kuona tena, yai nililokuwa nimelimenya lilikuwa bado kiganjani, limelowa lote. Nikashika ncha ya kanga nilifute. Mzee Bakari akanyoosha mkono, akalichukua vilevile, akalila bila kugusa chumvi.